Video ikitetemeka usiitupe, na ukiituliza usifute ya kwanza

Hebu fungua simu yako sasa hivi uangalie video ulizoshuti mwezi uliopita. Iko ile ya harusi ya binamu pale Makina. Iko ile ya mechi ya Jumapili uwanjani Kamukunji. Pengine iko ile uliyochukua ukikimbia, siku ile vitoa machozi viliporushwa karibu na stage ya 46 kule Kawangware. Sema ukweli: ni ngapi kati ya hizo unaweza kutazama mpaka mwisho bila kichwa kuzunguka?

Wengi wetu tuna tabia moja. Video ikitetemeka tunaifuta ili tupate nafasi kwenye simu. Ama tunabonyeza kile kitufe cha kutuliza picha ndani ya apu, tunafurahia ilivyonyooka, tunaipandisha TikTok, kisha tunafuta ile ya kwanza. Tabia zote mbili ni mbaya. Ya kwanza inakunyima riziki. Ya pili inaweza kumnyima mtu haki.

Tuanze na riziki, maana hiyo ndiyo inayotuamsha asubuhi. Kibera na Kawangware zimejaa vijana wanaoishi kwa kushuti: harusi, mikutano ya injili, mazishi, video za wasanii wa mtaa, matangazo ya vinyozi na maduka ya simu. Hii si hadithi ya leo. Filamu fupi ya Kibera Kid ilitengenezwa mwaka wa 2006 ikiwa na waigizaji wa mtaa wenyewe. Mwaka wa 2009 vijana wakaanza kuchora ramani ya mtaa wao chini ya Map Kibera, kwa sababu kwenye ramani za mitandaoni Kibera ilikuwa karibu doa tupu. Mwaka uliofuata, 2010, kukazaliwa Kibera News Network. Vijana wakashika vikamera vidogo vya mkononi, wakawa wanaripoti habari za kwao na kuziweka YouTube.

Vikamera vile havikuwa na kituliza picha cha kisasa. Ukitembea nacho kwenye vichochoro vya Gatwekera, kila hatua ilionekana. Leo una simu yenye kamera bora mara nyingi kuliko kile, lakini mkono ni ule ule na kichochoro ni kile kile. Mteja naye amekuwa mgumu. Akilinganisha kazi yako na ya msee wa mjini mwenye kishikio cha mota, hataki kusikia kwamba ulikuwa umebanwa katikati ya umati.

Sasa sikiliza. Video inayotetemeka si lazima iwe imeharibika. Mara nyingi inaweza kutulizwa, na programu za kazi hiyo hazikudai hata shilingi. DaVinci Resolve ina toleo la bure. Blender ni ya bure kabisa. Kama laptopu huna, jaribu saiba ya mtaa au kituo cha vijana kilicho karibu. Lakini kabla ya kubonyeza kitufe, elewa kinachotokea, maana asiyeelewa ndiye anayeishia kuharibu kazi.

Kutuliza video ni kazi ya kufuata nukta. Programu inachagua kitu kwenye picha, tuseme kona ya paa la mabati, kisha inakifuata fremu baada ya fremu na kuandika kimehama wapi. Kama kona ile ilipanda juu kidogo, programu inaishusha fremu nzima kwa kiasi hicho hicho. Ikienda kushoto, fremu inarudishwa kulia. Ukifanya hivyo kwa fremu zote, kona inaonekana imesimama, na macho yako yanaamini kwamba kamera ndiyo iliyosimama.

Nukta moja inatosha kurekebisha kupanda, kushuka, kushoto na kulia. Lakini mkono wa binadamu pia huzunguka, na miguu husogea mbele na nyuma. Hapo unahitaji nukta mbili. Mstari unaounganisha nukta hizo ukiinama, programu inajua kamera iliinama. Mstari ukirefuka, inajua ulisogea karibu. Chukua mfano: kati ya kona ya paa na mlingoti wa stima kulikuwa na pikseli 400 kwenye fremu ya kwanza, na sasa ziko 440. Picha imekua kwa asilimia 10. Ili zilingane, fremu hii ya sasa inapunguzwa hadi karibu asilimia 91 ya ukubwa wake. Hesabu ni hiyo tu, uwiano ule uliofunzwa shule ya msingi.

Ukifungua DaVinci Resolve utakuta njia tatu za kutuliza. Ya kwanza inarekebisha kuhama peke yake. Ya pili inaongeza mzunguko na ukubwa. Ya tatu inajaribu pia kurekebisha jinsi picha inavyopinda. Ushauri wetu: anza na ile nyepesi. Vijana wengi hukimbilia ile nzito wakidhani ndiyo bora, kisha nyumba za mtaa zinaanza kunepa kama uji. Ikiwa nyepesi imetosha, achia hapo.

Na uchague nukta kwa akili. Usifuate mtu anayetembea, wala matatu, wala nguo iliyoanikwa na inayopeperushwa na upepo. Fuata kitu kisichosonga na chenye ukingo mkali: bango, dirisha, kona ya ukuta, mlingoti. Tena kiwe umbali mmoja na jambo unalotaka lionekane. Ukitembea kichochoroni, mabati yaliyo karibu yanakimbia kwa kasi kwenye skrini ilhali jengo la mbali linasogea polepole. Ukituliza kwa mabati ya karibu, watu walio mbele wataogelea. Ukituliza kwa jengo la mbali, mabati ndiyo yatakayoruka.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wengi hudhani ni mtetemo wa kawaida. Kamera nyingi za simu hazisomi picha yote kwa wakati mmoja. Zinasoma mstari baada ya mstari, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukigeuza simu kwa kasi, mistari ya mwisho inasomwa wakati simu imeshahama. Ndiyo maana milingoti inaonekana imelala, na picha ya juu ya bodaboda inacheza kama jeli. Kuhamisha fremu nzima hakuwezi kuponya hilo, kwa sababu ubovu uko ndani ya fremu yenyewe. Baadhi ya programu zina dawa yake, lakini dawa kubwa ni kugeuza simu polepole.

Na ukungu? Usiku, taa zikiwa hafifu, kamera huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi katika kila fremu. Mkono ukitikisika katika muda huo, fremu inatoka na ukungu. Ukituliza video hiyo, picha itasimama lakini ule ukungu utabaki, ukija na kupotea kama pumzi kwenye kioo. Hakuna nukta itakayokurudishia kile ambacho kamera haikukiona.

Mpaka hapo ni ufundi. Sasa tuje kwenye jambo linalotufanya tuandike tahariri hii.

Kila unapotuliza video, unakata picha. Fremu zikisukumwa huku na huko, pembeni panabaki weusi. Ili weusi usionekane, programu inakuza video nzima mpaka ijaze skrini. Piga hesabu hii. Video yako ina upana wa pikseli 1,920 na kimo cha 1,080. Mkono wako uliyumba kwa asilimia 5 tu kila upande. Inabidi ikuzwe hadi karibu asilimia 111. Upana unaobaki kuonekana ni asilimia 90, na kimo asilimia 90. Zidisha: asilimia 81 ya picha. Asilimia 19, karibu sehemu moja kwa tano ya kile ulichorekodi, imetupwa nje. Na hapo ni mtu aliyeyumba kidogo. Aliyekuwa anakimbia atapoteza zaidi.

Kwenye harusi, kilichopotea ni kiwiko cha shangazi. Kwenye maandamano, kilichopotea pembeni kinaweza kuwa mkono ulioshika bunduki.

Hatutii chumvi. Mnakumbuka 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Watu walipigwa risasi na kufa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 2025, BBC Africa Eye ilitoa filamu ya Blood Parliament. Waandishi wake walipitia zaidi ya picha 5,000, nyingi zikiwa zimechukuliwa na watu wa kawaida kwa simu zao, wakazipanga kwa muda na mahali ili kuonyesha nani alifyatua risasi na kutokea wapi. Kazi ya namna hiyo huishi kwa vitu vidogo vya pembeni: kivuli, bango, saa ya ukutani, mtu anayepita nyuma. Huishi hata kwa mtetemo wenyewe. Kamera inaporuka ghafla, mara nyingi ni kwa sababu mshikaji amesikia mlipuko. Mruko huo, ukilinganishwa na sauti, unaeleza jambo. Ukiutuliza, umefuta jibu la swali ambalo bado halijaulizwa.

Ulimwengu ulishafunzwa somo hili kwa uchungu. Tarehe 3 Machi 1991, mjini Los Angeles, fundi wa mabomba aitwaye George Holliday alisimama kwenye roshani yake akarekodi polisi wakimpiga Rodney King. Kanda yake ilienda kwenye runinga, na katika kurushwa hewani sekunde chache za mwanzo zenye ukungu zikakatwa. Nani alitaka kutazama ukungu? Kesi ilipofika mahakamani mwaka wa 1992, mawakili wa polisi walizileta sekunde zile. Wakasema hapo ndipo King alipomwendea afisa. Wakaichezesha kanda polepole, fremu moja moja, wakitoa maelezo yao kwa kila rungu. Polisi hawakutiwa hatiani, na Los Angeles ikawaka moto.

Usituelewe vibaya. Hatusemi sekunde zile zilihalalisha kipigo. Kanda yote ilionyesha mtu akipigwa akiwa chini. Tunachosema ni kwamba ukikata kipande kwa sababu hakipendezi, unampa mwenye nguvu nafasi ya kuuliza: mbona mlikificha? Na nchini kwetu swali hilo halihitaji wakili ghali.

Sheria ya Kenya inakubali ushahidi wa kidijitali. Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hivyo. Lakini kifungu cha 106B kinataka rekodi hiyo iambatane na cheti kinachoeleza ilitolewaje na kwa kifaa gani, kikiwa kimetiwa sahihi na mtu anayehusika na kifaa hicho. Sasa jiulize. Video iliyotulizwa kwenye apu, ikapunguzwa na WhatsApp, ikapakuliwa TikTok na mtu wa nne, nani ataitilia sahihi? Ya asili iliyo kwenye simu iliyoirekodi, mwenye simu anaweza kuieleza.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu, na tunauweka wazi: tuliza nakala, usiguse ya asili. Faili iliyotoka kwenye kamera ibaki ilivyo, na jina lake, na tarehe yake. Inakili kwenye memori kadi au flashi na uiweke mahali tofauti na simu, maana simu huibwa, na nyingine huchukuliwa kwa nguvu. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama video, ili isipunguzwe. Ukishafanya hivyo, chukua nakala uifanyie utakalo: ituliza, ikuze, ipunguze kasi. Ukiipandisha mtandaoni, sema kwamba imetulizwa na kukatwa pembeni. Sentensi moja inatosha.

Na tafadhali, usiipe akili unde kazi ya kusafisha uso au namba ya gari. Programu hizo hazioni zaidi yako. Zinabuni kinachofanana na ukweli. Namba ya gari iliyobuniwa inaweza kumpeleka mtu asiye na hatia kwenye hasira ya umati. Tunaijua mitaa hii. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware iliona majirani wakivamiana na maduka yakichomwa. Katika saa kama hizo video moja isiyoeleweka, iliyosambazwa na mtu mwenye haraka, ni petroli.

Ufundi huu pia una uwezo wa kulinda watu. Ile nukta inayofuata kona ya paa inaweza kufuata uso wa mtu, na juu yake ukaweka doa la ukungu linalotembea naye. Mtoto aliyepita nyuma, mama mboga aliyekuwa anafunga kibanda chake, kijana aliyemsaidia majeruhi: hawakuomba kuwa kwenye video yako. Tangu mwaka wa 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata bila sheria, huo ni utu. Pitia doa hilo fremu kwa fremu. Likiteleza kwa fremu tatu tu, mtu anaweza kusimamisha video hapo hapo akauona uso.

Najua utasema: hayo yote ni maneno, mimi niko chini na risasi inalia. Kweli, na uhai wako kwanza. Hakuna video yenye thamani ya maisha yako. Lakini ukiweza, fanya yale madogo. Viwiko vibane mbavuni. Egemea ukuta au mlingoti. Usikuze picha, sogea kama ni salama, na kama si salama kaa ulipo. Lenga mahali pamoja kwa sekunde 10 kabla ya kugeuka, na ugeuke polepole. Weka ndani ya picha kitu kisichosonga: bango la shule, mnara wa msikiti, jina la duka. Kitu hicho ndicho nukta yako ya kufuata baadaye, na ndicho kitakachothibitisha mahali ulipokuwa.

Kwa wakubwa tuna mawili. Moja, programu za serikali zinazotufundisha kazi za mtandaoni, ikiwemo Ajira Digital, ziende mbali zaidi ya kutufunza kuandika na kutafsiri kwa wateja wa ng'ambo. Kuhariri video kwa umakini ni kazi, na mafunzo yafike Laini Saba na Gatina, si hotelini mjini. Pili, vyombo vya habari, na sisi tukiwemo, viache mtindo wa kuchukua video ya kijana wa mtaani mtandaoni na kuandika "hisani ya mitandao". Mtafuteni aliyeishuti. Mwombeni faili ya asili. Mlipeni. Na kama kutajwa jina kutamhatarisha, msimtaje.

Wapo watakaosema tunawabebesha vijana mzigo usio wao. Kwamba kukusanya ushahidi ni kazi ya polisi na ya IPOA, mamlaka inayosimamia mienendo ya polisi. Ni kweli. Lakini IPOA haikai Gatwekera saa nne usiku. Wewe ndiwe uliye pale. Siku wachunguzi watakapofika kuuliza nani aliona, wengi watakuwa wameogopa, na kuta zitakuwa zimepakwa rangi upya. Kitakachobaki ni ile video mbaya, yenye kelele na mtetemo, uliyokuwa karibu kuifuta ili upate nafasi ya kudaunlodi wimbo.

Basi kabla hujalala leo, fanya jambo moja. Pitia simu yako, tafuta video tatu zenye maana, na uzinakili mahali pengine kama zilivyo. Kesho ndiyo ujifunze kutuliza.